Shajara ya Mradi wa Kauri-Pete, Mwamba wa Mikindani, Mtwara

Aprili, kusi inaanza

Mradi huu unamhusu konokono mdogo wa baharini ambaye jina lake la kisayansi ni Monetaria annulus. Gamba lake huwa na urefu wa sentimita 2 hivi, ni jeupe kwa chini na la kijivu au samawati iliyofifia mgongoni, na mgongo huo umezungukwa na duara la rangi ya dhahabu ambalo mtu akishaliona mara moja halisahau. Wengi wa pwani hii humwita simbi, jina wanalolitumia pia kwa ndugu yake wa karibu, Monetaria moneta, anayeishi katika mwamba uleule. Kwa shughuli za kila siku hakuna ubaya wowote, lakini sisi tunataka kujua hali ya kila mmoja peke yake, kwa hiyo daftarini tumemwandika wa kwanza kauri-pete na wa pili kauri-fedha. Wote wawili walielezwa na Linnaeus, mwanasayansi wa Uswidi, mwaka 1758. Kauri-fedha ni wa manjano, ana pembepembe na vinundu ubavuni; kauri-pete ana umbo la yai, ubavu wake ni laini, na duara lake liko wazi. Mwanafunzi akishika mmoja mkono huu na mwingine mkono ule, somo linaisha.

Kauri-pete si kiumbe adimu duniani. Anapatikana kuanzia pwani yetu ya Afrika Mashariki hadi visiwa vya Pasifiki, na hakuna anayedai kwamba ukoo wake unakaribia kutoweka. Nimelisema hili mapema kwa sababu watu kadhaa wameniuliza kama tunataka kupiga marufuku uokotaji, na jibu ni hapana. Jambo linalotushughulisha ni dogo zaidi, na naamini ni la maana zaidi kwa watu wa hapa: mwamba mmoja unaweza kumalizwa hata kama bahari yote imejaa. Akina mama wanaokwenda mwambani upande wa kuelekea Naumbu wanasema kwamba zamani kauri walikuwa wakionekana karibu kabisa na mchanga, na sasa ni lazima mtu aende hadi kwenye ukingo ambako mawimbi yanavunjika ndipo apate wa kujaza kifuu. Wanunuzi wa mapambo nao wanataka magamba yanayong'aa, na gamba linalong'aa ni la mnyama aliyeokotwa akiwa hai.

Swali la mradi, basi, ni hili: je, kauri-pete wa mwamba huu wanapata kuzaa kabla ya kuokotwa? Serikali ya kijiji imeridhia, ofisa uvuvi amearifiwa, na kikundi chetu kina wanafunzi wa sekondari, akina mama wa mwambani, na mzee mmoja mvuvi mstaafu anayejua kila shimo la mwamba huo kwa jina. Mimi ni mwalimu wa baiolojia, na kazi yangu hasa ni kuandika.

Mei, bamvua ya mwezi mwandamo

Kazi yetu inafuata maji. Wakati wa maji mafu mwamba haufunuki vya kutosha, kwa hiyo tunasubiri bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, ambapo maji hupwa sana na kwa pwani yetu kina cha chini kabisa huangukia kama saa nne asubuhi. Hilo ni bahati njema kwa mradi wenye wanafunzi, maana mwanga unatosha na jua halijawa kali. Tunaingia mwambani maji yakiwa bado yanapwa na tunatoka mara yanapoanza kupanda, bila kubishana na anayetoa ishara, kwa sababu maji ya bamvua hurudi haraka na huanza kwa kujaza mifereji iliyo nyuma ya mtu.

Vifaa ni vya kawaida. Tuna kamba ya nailoni yenye mafundo, inayotandazwa kutoka mchangani hadi kwenye ukingo wa mwamba. Tuna fremu ya mraba ya bomba la plastiki yenye nusu mita kila upande, inayolazwa penye kila fundo. Na tuna kalipa (kifaa cha kupimia urefu wa vitu vidogo), kibao cha plastiki na penseli, kwa kuwa wino hautumiki mahali penye maji ya chumvi. Kila kilicho ndani ya fremu kinaangaliwa: majani ya bahari yanafunuliwa kwa vidole, vifusi vya matumbawe vinachunguzwa, na kila jiwe linaloweza kuinuliwa linainuliwa.

Kuhusu mawe, sheria imewekwa na bibi ambaye ndiye mkubwa wa akina mama katika kikundi, na mimi sikuwa na cha kuongeza. Mwanafunzi mmoja alipopindua jiwe na kuliacha chali, bibi alimwita akamwambia, "Mwanangu, jiwe lina dari na lina sakafu. Ukiliacha hivyo umevunja nyumba ya watu." Kisha akamwonyesha: upande wa chini ulikuwa na sponji za rangi ya machungwa, minyoo ndani ya mirija yao ya chokaa, na utando mdogo wa mayai ya konokono wa aina nyingine, vyote hivyo vikiwa vimezoea kivuli na unyevu. Jua la saa moja lingevimaliza. Upande wa juu nao ulikuwa na mwani mfupi ambao ndio chakula cha kauri, na mwani huo ukifunikwa unakufa. Sasa kila jiwe hurudishwa lilivyokuwa, na anayerudisha husema kwa sauti "limelala", ili mwandishi asiandike chochote kabla ya kusikia neno hilo.

Kuhusu matokeo ya awali nitasema kifupi, kwa kuwa ni mapema. Karibu na mchanga hakuna kitu. Katikati, penye majani ya bahari, wapo wachache. Wengi wako penye vifusi vya matumbawe na chini ya mawe ya ukingoni, kama akina mama walivyosema.

Juni, namna ya kusoma gamba

Wanafunzi walipendekeza kwamba tupime urefu wa kila kauri, halafu tuseme wafupi ni watoto na warefu ni wakubwa, kama ambavyo samaki hupimwa kwenye mnada. Pendekezo hilo lilijadiliwa kwa muda mrefu, na nalieleza hapa kwa kirefu kwa sababu yeyote atakayetaka kufanya kazi hii mahali pengine atakutana nalo.

Kauri hakui kama samaki, na wala hakui kama konokono wengi. Konokono wa kawaida huongeza gamba lake pembeni mwa mdomo maisha yake yote, na kwa hiyo gamba refu ni gamba la miaka mingi. Kauri huanza hivyohivyo. Akiwa mchanga gamba lake ni jembamba, jepesi, lina mzunguko mdogo unaoonekana kwenye ncha, mdomo wake ni mpana, na ukingo wa mdomo huo ni mkali na hauna jino hata moja. Mtu asiyemjua anaweza kuapa kwamba huyo ni konokono wa jamii nyingine kabisa. Rangi zake ni mikanda ya kijivu na kahawia, na duara la dhahabu halipo. Kisha, anapokaribia utu uzima, kinatokea kitu ambacho bado kinanistaajabisha kila ninapokieleza darasani: ukingo wa mdomo hukunjwa kuelekea ndani, mwanya unabaki mwembamba, meno yanaota pande zote mbili za mwanya huo, na kuanzia hapo gamba haliongezeki urefu tena. Mnyama anaendelea kuishi, anaendelea kula, lakini nyongeza yote ya gamba huenda kwenye unene. Mbavu hujaa, sehemu ya chini huwa nzito, na tabaka la mwisho la mgongo ndilo linaloleta ile pete.

Maana yake ni kwamba urefu unamdanganya mpimaji. Kauri mdogo kwa urefu anaweza kuwa mzee aliyekomaa mapema, na mwenzake aliyemzidi urefu anaweza kuwa kijana ambaye hajakunja mdomo. Ndani ya fremu moja tulipata wawili wa namna hiyo, na nikawaweka wanafunzi wote wakae kuwazunguka. Wa kwanza alikuwa na milimita 17, mzito kiganjani, mbavu zake zimevimba hadi pete ikaonekana kama imesukumwa juu, na meno yake yalihisika wazi ukipitisha ukucha. Wa pili alikuwa na milimita 20, mwepesi kiasi kwamba upepo wa kusi ulimtikisa juu ya kibao, na mwanga wa jua ulipita kwenye ukingo wake kama unavyopita kwenye ganda la yai. Huyo mrefu ndiye mtoto.

Kwa hiyo urefu tunauandika, lakini hatuutumii kama kipimo cha umri. Kila kauri anageuzwa kwa upole, mdomo unaangaliwa, na anaingizwa katika kundi moja kati ya matatu: wa ukingo mkali, ambaye hajakomaa, wa ukingo uliokunjwa lakini pete haijatulia, ambaye yuko njiani, na mwenye pete kamili na mbavu zilizojaa, ambaye ni mtu mzima. Baada ya hapo anarudishwa palepale alipotoka, na ikiwezekana chini ya jiwe lilelile.

Inafaa pia kueleza ule mng'ao, kwa sababu ndio chanzo cha biashara yote. Kauri akiwa ametulia na hakuna anayemsumbua, ngozi laini iitwayo joho hutoka kwenye mwanya na kupanda pande mbili za gamba hadi zikutane mgongoni. Joho hilo ndilo linalotandika tabaka juu ya tabaka za chokaa laini, na pia hulilinda gamba lisiote mwani wala wadudu wa kung'ang'ania. Ndiyo sababu gamba la kauri aliye hai ni safi kana kwamba limetoka kupigwa rangi, ilhali la konokono wengine wa mwamba huohuo limejaa uchafu. Akiguswa, joho hurudi ndani taratibu, na hapo mng'ao hufunuliwa wote. Mnyama akifa mlinzi huyo hayupo tena. Mchanga na jua humaliza tabaka la juu, na chini yake hutokea rangi ya zambarau, ambayo watoto wa pwani huiokota wakidhani ni aina nyingine ya simbi. Magamba hayo ya zambarau nasi tunayahesabu, katika safu yake, kwa kuwa yanaonyesha mahali ambapo kauri waliishi na kufa kwa siku zao.

Julai, wanaoatamia

Mama mmoja katika kikundi aliuliza kwa nini baadhi ya kauri hung'ang'ania jiwe kwa nguvu zaidi na hawajifichi hata wakiguswa. Tulipoinua jiwe alilolionyesha tulimkuta kauri-pete jike amekaa juu ya bonge la vifuko vidogo vya mayai, vimeshikana na vimebandikwa kwenye jiwe, naye amevifunika kwa unyayo wake. Kauri wana dume na jike mbalimbali, mbegu hupokelewa ndani ya mwili wa jike, na baada ya kutaga jike hukaa juu ya mayai yake kwa siku kadhaa hadi yaanguliwe. Halindi kwa meno wala kwa sumu. Kinga yake ni kule kukaa tu. Akiondolewa, kaa na samaki wadogo huyala mayai hayo bila kizuizi chochote.

Hapa ndipo uokotaji unapouma zaidi. Jike anayeatamia hakimbii, kwa hiyo ndiye rahisi kuliko wote kumwokota, na anapotiwa kwenye ndoo huwa ameondoka yeye pamoja na uzao wake wote wa msimu ule. Akina mama walikuwa wamekwisha kuona vile vifuko mara nyingi, lakini walivichukulia kuwa ni uchafu wa jiwe. Baada ya asubuhi ile wawili wao walirudisha walichokuwa wamekiokota kabla ya kazi kuanza, na hakuna aliyewaomba wafanye hivyo.

Mayai yakianguliwa hutoa mabuu wanaoogelea kwa vijibawa vyenye vinyweleo, nao huchukuliwa na mkondo kwa muda kabla ya kushuka mwambani na kuanza maisha ya kutambaa. Mkondo wenyewe una habari muhimu kwa sisi wa kusini. Mkondo wa Ikweta wa Kusini, unaovuka Bahari ya Hindi kutoka mashariki, hufika bara la Afrika karibu na mpaka wa Tanzania na Msumbiji, na hapo hugawanyika: tawi moja hushuka kusini, na jingine hupanda kaskazini kupitia Kilwa, Mafia na Unguja. Mabuu wa Mtwara wanaweza kwenda kuwa kauri wa wenzetu wa kaskazini, na vilevile hatuna hakika ya kurudishiwa waliozaliwa hapa. Naona hili ni sababu tosha ya kuutunza mwamba wa kusini, hata kwa mtu ambaye hajali kauri.

Agosti, magamba ya zamani

Familia moja ya Mikindani imetuazima kibuyu chenye kauri walizorithi, wengi wao wakiwa wametobolewa mgongoni ili wapitishwe uzi. Tumeyapima magamba hayo na kuyapanga kwa njia ileile ya mdomo, na karibu yote ni ya watu wazima. Sitaki kulipa jambo hilo uzito kupita kiasi, kwa sababu gamba changa ni rahisi kuvunjika na huenda yalikuwepo yakasagika. Lakini hata hivyo limetupa nafasi ya kuwaeleza wanafunzi kwamba uokotaji wa kauri katika pwani hii si jambo la jana.

Msafiri wa Moroko, Ibn Battuta, ambaye alifika Kilwa mwaka 1331, alikwenda baadaye Maldivi akakuta kauri wakitumika kama fedha, na akaeleza namna wenyeji walivyowakusanya baharini na kuwafukia katika mashimo ya ufukweni hadi nyama iishe na kubaki gamba jeupe. Miaka kadhaa baadaye, akiwa Mali, aliwakuta kauri haohao sokoni wakiwa fedha tena. Kwa karne nyingi fedha hiyo ilikuwa hasa kauri wa Maldivi, yaani moneta. Zamu ya kauri-pete ilifika katika miaka ya 1840, pale wafanyabiashara wa Hamburg walipogundua kwamba wanaweza kununua kauri wa pwani ya Afrika Mashariki kwa bei nafuu Unguja na kuwapeleka kwa meli hadi Afrika Magharibi. Kule walihesabiwa kwa mpango maalumu: 40 kwa uzi mmoja, nyuzi 50 kwa kichwa, yaani 2,000, na vichwa 10 kwa gunia, yaani 20,000. Kauri-pete ni mkubwa na mzito kuliko mwenzake, kwa hiyo gunia lilikuwa mzigo kweli, lakini urahisi wa bei uliwashinda wote. Meli zilimwaga kauri kwa wingi kiasi kwamba thamani yao ilishuka mno, na aliyekuwa ameweka akiba yake kwa kauri alijikuta ana chungu kilichojaa kisichonunua kitu.

Kila mmoja wa kauri hao aliokotwa na mkono wa mtu, mara nyingi mkono wa mwanamke au mtoto, mwambani, maji yakiwa yamekupwa. Wanafunzi walifanya hesabu ya gunia moja ubaoni, wakaweka idadi hiyo pembeni mwa kile tunachokipata ndani ya fremu, na darasa likanyamaza kwa muda. Sikuwaambia waandike nini. Kila mmoja aliandika sentensi yake.

Septemba, usafishaji na uhifadhi

Shule imetenga kabati kwa ajili ya mkusanyo wa magamba, na masharti ni kwamba hakuna kauri atakayeuawa kwa sababu ya kabati. Tunaweka yaliyokwisha kufa, pamoja na yale tunayoyapata mbele ya mapango ya pweza, ambako akina mama huyafahamu kwa sababu rundo la magamba mlangoni ndilo linalowaambia kwamba pweza yumo. Yanafukiwa kwenye mchanga mkavu hadi sisimizi wamalize kazi, kisha yanaoshwa kwa maji baridi na mswaki laini.

Marufuku yetu kubwa ni ndimu na siki. Watu wengi huyasugua magamba kwa ndimu wakitaka yang'ae, na matokeo yake ni kinyume. Tulilifanya jambo hili mbele ya darasa kwa kipande cha gamba lililovunjika: tone la ndimu lilipogusa sehemu inayong'aa, viputo vidogo vilianza kupanda mara moja, na tulipokifuta baada ya dakika chache palikuwa na doa la ukungu ambalo halikuondoka tena. Gamba ni kalsiamu kaboneti, kama chokaa ya mawe iliyojengewa nyumba za kale za Mikindani kabla haijachomwa tanurini, na asidi huila ikitoa kaboni dayoksaidi. Kwa sababu hiyohiyo kabati halitakuwa la mbao zilizobanwa kwa gundi, kwa kuwa mbao hizo hutoa mvuke wa asidi ambao, ukichanganyika na unyevu wa pwani, huyatoa magamba unga mweupe na kuyaharibu polepole. Fundi amekubali kutengeneza fremu ya alumini na kioo. Kila gamba litakuwa na karatasi yake inayosema mahali, tarehe, sehemu ya mwamba na kundi la umri, kwa maana gamba lisilo na maelezo hayo ni pambo tu.

Oktoba, tanga mbili

Upepo umelegea, maji yamesafika, na tumekaa na akina mama, kamati ya BMU (kikundi cha wanajamii cha kusimamia rasilimali za pwani) na wanunuzi wawili wa mapambo chini ya mwembe kuzungumzia kilichoonekana. Vikundi vya BMU vinatambuliwa na Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003, kwa hiyo makubaliano yakipita kwao yana uzito kuliko maombi ya mwalimu.

Nilieleza kile ambacho fremu zimeonyesha kuanzia Mei. Penye vifusi vya ukingoni makundi yote matatu yapo, na majike wanaoatamia wapo. Penye majani ya bahari, ambako watu hupita kila bamvua, wenye pete kamili ni wachache sana na waliopo wengi ni wa ukingo mkali, maana yake mabuu bado wanashuka hapo na kuanza kukua, lakini wanaokotwa mara tu wanapopata ule mng'ao. Kwa maoni yangu hiyo ni habari yenye matumaini: sehemu ile haijafa, inachohitaji ni kupumzishwa. Mjumbe mmoja wa BMU alikumbusha kwamba wavuvi wa Kisiwa Panza, Pemba, wamekuwa wakifunga sehemu ya mwamba kwa miezi kadhaa ili pweza wakue, kisha wakafungua kwa pamoja, na akauliza kwa nini isiwe hivyo kwa majani ya bahari ya upande wetu.

Mjadala haukuwa mwepesi. Mama mmoja alisema waziwazi kwamba simbi ndizo zinazomnunulia daftari mtoto wake msimu wa korosho ukiwa bado, na kwamba anayesema "acha" aseme pia "chukua hiki". Alikuwa na haki, na kikao kilimsikiliza. Wanunuzi walikubali kujaribu magamba ya zambarau na yale yaliyokwisha kutobolewa na mawimbi, ambayo kwa shanga na vikuku hayana kasoro yoyote, ingawa walionya kwamba bei itakuwa chini mpaka wateja wazoee. Hatimaye walikubaliana hivi: sehemu ya majani ya bahari, kuanzia kwenye mkoko mkubwa hadi kwenye mfereji wa pili, itafungwa kwa uokotaji wa kauri hadi mwisho wa kaskazi, wa ukingo mkali hataokotwa popote, na jiwe lenye jike anayeatamia litarudishwa lilale, hata kama mwokotaji mwingine anakuja nyuma. Bibi aliomba sharti la mwisho litangulie mengine katika karatasi, na limetangulia.

Kazi ya kaskazi imekwisha kupangwa. Fremu zitalazwa ndani na nje ya sehemu iliyofungwa bamvua ileile, na wanafunzi wa kidato cha tatu, ambao mikono yao sasa imezoea kugeuza kauri bila kumtisha, watawafundisha wa kidato cha kwanza kusoma mdomo wa gamba. Tumeongeza safu moja daftarini kwa ajili ya rangi ya mayai chini ya jike, kwa kuwa rangi hubadilika kadiri mabuu wanavyokua ndani ya vifuko. Mzee mvuvi ameahidi kutuongoza kwa tochi bamvua ya usiku, maana anasema usiku kauri hutoka chini ya mawe kwenda malishoni, na wengi ambao hatujawaona mchana watakuwa wazi juu ya mwani. Barua ya ruhusa ya wazazi kwa kazi hiyo ya usiku inapelekwa wiki hii.